Kazi ya Mkaguzi wa Afya: Kutoka Miji ya Uingereza Hadi Mpaka wa Busia na Malaba

Afisa wa afya aingiapo katika soko la Busia, au katika vibanda vya chakula vilivyo kando ya barabara ya Malaba, aghalabu habari humtangulia. Mwenye hoteli huamuru meza zifutwe, mwuza nyama hushusha wavu wa kuzuia nzi, na mpishi asiye na cheti cha afya hutokea mlango wa nyuma, akarudi jua likishuka. Wengi humdhani kuwa ni askari wa namna nyingine, mtu aliyetumwa kutoza faini. Dhana hiyo si ya haki, lakini haikuzuka bure. Ili kuielewa yafaa kujua kazi hiyo ilianzia wapi, ilifikaje katika nchi hii, na kwa nini imefaulu katika mambo fulani na kushindwa katika mengine.

Katika karne ya 19 miji ya Uingereza ilijaa watu waliotoka mashambani kutafuta kazi za viwanda. Jamaa nzima ilikaa katika chumba kimoja, mara nyingine chumba kilichochimbwa chini ya nyumba, na maji machafu yalipita uani mbele ya mlango. Kipindupindu kilipoingia nchini humo mwaka 1831 hakikubagua tajiri na maskini. Mwaka 1847 mji wa Liverpool uliweka kazini watu watatu: daktari William Henry Duncan, mhandisi James Newlands, na Thomas Fresh, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka mitaani na kuandika kila jambo lenye kudhuru afya za watu. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya kwanza ya afya ya umma, na sheria nyingine ya mwaka 1875 ikayakusanya mambo hayo yote pamoja.

Jambo la kuangalia hapa ni mwajiri wa mkaguzi. Hakuwa mtumishi wa Serikali kuu, bali wa baraza la mji au la wilaya, ambalo wajumbe wake walichaguliwa na wenyeji. Kwa hiyo aliwajua watu wake, na njia zao, na visima vyao. Lakini pia, mwenye nyumba mbovu za kupangisha aliweza kuwa mjumbe wa baraza lile lile, na mkaguzi aliyemwandikia ilani alikuwa akimwandikia mmoja wa mabwana zake. Uzuri wa mpango ule na udhaifu wake vilitoka katika chungu kimoja.

Kati ya vita kuu mbili, yaani kati ya mwaka 1918 na 1939, kazi hii ilikwisha kuwa na utaratibu wake. Mkaguzi alipita nyumba kwa nyumba, akatazama paa, mifereji, choo, mahali pa kutupia taka, na ukuta wenye unyevu. Akiona kasoro alimwambia mwenye nyumba kwa mdomo kwanza. Isiporekebishwa, alimpelekea ilani iliyoandikwa, yenye kutaja kasoro na siku za kuiondoa. Siku zikipita bure, ndipo shauri lilipopelekwa kwa hakimu. Sheria ya nyumba ya mwaka 1930 iliyapa mabaraza nguvu ya kubomoa mitaa mibovu na kuwahamisha watu, na ile ya mwaka 1935 iliweka hesabu ya msongamano: chumba 1 watu 2, vyumba 2 watu 3, vyumba 3 watu 5. Katika hesabu hiyo mtoto ambaye hajatimiza miaka 10 alihesabiwa kuwa nusu ya mtu, na mtoto mchanga asiyetimiza mwaka hakuhesabiwa kabisa. Mama aliyekesha naye usiku kucha huenda angalikuwa na hesabu yake nyingine.

Lakini utaratibu mwema haukinzi kila ajali. Mwaka 1937 katika mji wa Croydon, kusini ya London, homa ya matumbo ilizuka miongoni mwa watu ambao nyumba zao zilikuwa safi na maji yao yalitoka bombani. Watu zaidi ya 300 waliugua, na 43 wakafa. Uchunguzi uliofanywa ulionyesha kwamba mafundi walikuwa wakitengeneza kisima kirefu kilichowapa watu wale maji, na mmoja wao alikuwa amebeba vijidudu vya homa hiyo mwilini bila kuugua. Wakati huo huo maji yalikuwa yakipelekwa mjini bila kutiwa dawa. Wakubwa wa maji walijua habari za matengenezo, na wakubwa wa afya walijua hatari ya homa, lakini maarifa ya hawa hayakuwafikia wale kwa wakati. Mji ulikuwa na ofisi zote zilizotakiwa, na ofisi zenyewe hazikusemezana.

Katika upande huu wa Afrika, sheria haikuwa ya kwanza kufika, maradhi yalitangulia. Tangu mwaka 1900 hivi hadi 1920 ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 katika pwani na visiwa vya Ziwa Viktoria, hasa Busoga na Buganda, na pwani za Samia na Bunyala hazikusalimika. Mpaka haukuwa na maana kwa mbung'o. Kwanza, hadi mwaka 1902 nchi hiyo yote ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, na mstari uliochorwa baadaye ulipita kati ya ndugu na ndugu. Serikali ya Uganda iliwahamisha watu kutoka pwani kwa amri. Watu waliokolewa na nzi, lakini walipoteza mashamba, makaburi ya wazee na uvuvi wao. Wengi walijifunza kwamba neno afya likitoka mdomoni mwa mkubwa, huenda likafuatiwa na neno hama.

Kenya ilipata sheria yake ya afya ya umma tarehe 6 Septemba 1921. Msomaji aliyefahamu habari za Uingereza ataitambua mara moja: mambo yenye kudhuru afya yameorodheshwa, kama vile nyumba iliyojengwa vibaya, kisima kichafu, choo kinachonuka, na maji yaliyotuama yenye kuzalisha mbu, kisha ilani, kisha hakimu. Sheria hiyo, ijapokuwa imerekebishwa mara nyingi, haikufutwa wakati wa Uhuru, na afisa wa afya wa Busia bado huitegemea. Tofauti kubwa ilikuwa moja. Uingereza sheria ilitungwa na wajumbe waliochaguliwa na walipa kodi. Hapa ililetwa ikiwa imekwisha kupikwa, ikapewa machifu waitekeleze, na mtu aliyeambiwa achimbe choo hakuulizwa anachimba kwa sababu gani.

Matokeo yake yalionekana katika vyoo. Mtu aweza kulazimishwa kuchimba shimo, lakini hapana askari awezaye kusimama mlangoni kila alfajiri ili ahakikishe kwamba linatumika. Vyoo vingi vilichimbwa kwa ajili ya macho ya mkaguzi, vikawa ghala la majembe au banda la kuku. Na hapakuwa na ukaidi tu ndani yake. Katika mila za jamaa nyingi za magharibi ya Kenya, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatumii choo kimoja. Ni aibu kubwa wakutane njiani kuelekea huko. Boma lenye mzee na wana watatu waliooa haliwezi kutosheka na choo kimoja, hata kiwe kizuri namna gani. Mkaguzi aliyehesabu mashimo bila kuhesabu wakwe aliandika katika daftari lake kwamba boma hili lina choo, na alisema kweli, ila nusu ya watu wa boma hilo walikwenda kichakani.

Ardhi nayo ina sauti yake. Huko Budalangi, ambako mto Nzoia huingia ziwani, maji ya chini yako karibu sana, na mto ukivunja kingo zake, kama ulivyofanya mwaka 2020, mashimo hujaa na yaliyomo huelea mpaka mlangoni mwa jirani. Mwenye nyumba ambaye choo chake kimebomoka mara tatu hafai kuitwa mvivu. Huhitaji shimo lililojengewa ukuta ndani, au choo kilichoinuliwa juu ya ardhi, na vyote viwili vina gharama.

Karibu na mwaka 2000 mtaalamu Kamal Kar, akifanya kazi katika vijiji vya Bangladesh, alijaribu njia nyingine, na njia hiyo iliingia Kenya mwaka 2007. Hapana ilani wala msaada wa saruji. Wanakijiji hukutanishwa, wakachora ramani ya kijiji chao juu ya ardhi kwa majivu na majani, kisha kila mmoja huonyesha mahali ajisaidiapo. Baadaye huenda wote pamoja kupatazama. Hapo huletwa chakula na kuwekwa karibu na kinyesi, na watu hukaa kimya wakiwatazama nzi wakienda huku na huku. Mara nyingi hapahitajiwi hotuba. Watu wenyewe husema kwamba wamekuwa wakilishana mavi, na neno hilo, ambalo afisa hangaliweza kulitamka bila kutukana, likisemwa na bibi wa kijiji huingia masikioni.

Mwezi Mei 2011 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ifikapo mwaka 2013 vijiji vyote vya Kenya viwe vimeacha kujisaidia porini. Shabaha hiyo haikufikiwa katika nchi nzima. Lakini Nambale, katika Busia, ilikuwa ya kwanza kati ya wilaya kuthibitishwa kuwa imefika, na baadaye kaunti yenyewe ya Busia ikawa ya kwanza miongoni mwa kaunti 47. Ni sifa kubwa, nayo yapasa kutajwa pamoja na upungufu wake. Njia hii hutumia haya kama chombo, na haya ni kisu chenye makali pande mbili: mjane asiye na nguvu ya kuchimba, au mzee asiye na mtoto, aweza kuaibishwa kwa umaskini wake. Palipokuwa na wanakijiji waliokubali kumchimbia mtu wa namna hiyo, kazi ilidumu. Tena, choo cha miti na udongo huliwa na mchwa, na kijiji kilichothibitishwa mwaka huu chaweza kurudi kichakani baada ya masika mbili asipopita mtu kukitazama. Hapo ndipo kazi ya ukaguzi inaporudi mahali pake, si kwa faini bali kwa kukumbusha.

Habari za maji ya Busia zimesomwa na wataalamu wa nchi nyingi, kwa sababu hapa ndipo palipofanywa uchunguzi wa chemchemi karibu 200. Chemchemi isiyolindwa ni dimbwi tu: maji huchomoza katika tope, wanawake huchota kwa bakuli, ng'ombe hunywa pembeni, na mvua huosha uchafu wa mlimani ukaingia humo. Kuilinda maana yake ni kufunika jicho la maji kwa mawe na saruji, ili maji yatoke kwa bomba pasipo kugusa ardhi. Chemchemi zililindwa kwa zamu, nyingine mapema na nyingine baadaye, ili ziweze kulinganishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Vijidudu vya kinyesi vilipungua kwa theluthi mbili hivi pale bombani, na kuhara kwa watoto kulipungua kwa kadiri ya robo.

Msomaji atauliza kwa nini maji yaliyosafika kiasi hicho yalipunguza maradhi robo tu. Jibu limo katika mtungi. Kati ya bomba na kikombe maji hupita katika jerikeni iliyosuguliwa kwa mchanga, huwekwa katika mtungi ulio wazi, na mtoto hutumbukiza kikombe pamoja na vidole vyake. Tena nyumba nyingi huchota mahali zaidi ya pamoja. Kwa sababu hiyo kuliwekwa pia, karibu na chemchemi nyingi, matangi madogo ya klorini yenye kilango cha kuzungusha. Mchotaji huweka jerikeni ya lita 20 chini yake, huzungusha mara moja, dawa ya kiasi chake humiminika, kisha hujaza maji. Akifika nyumbani na kupumzisha mgongo, na nusu saa ikapita, maji yako tayari, nayo hubaki na kinga hata mtoto akitia mkono. Ni jambo dogo, lakini ndilo hasa lililokosekana Croydon mwaka 1937.

Shule nazo zimetoa funzo. Kuanzia mwaka 1998 watoto wa shule 75 za Busia, zaidi ya 30,000, walipewa dawa za minyoo kwa zamu. Utoro ulipungua kwa robo hivi, na hata watoto ambao hawakupewa dawa walipata nafuu, kwa sababu mayai ya minyoo yalipungua katika udongo waliokanyaga wote. Mwaka 2015 wataalamu wengine waliipitia hesabu hiyo upya na kubishana juu ya sehemu zake, hasa juu ya faida hiyo ya majirani. Mmoja wa waliofanya uchunguzi ule, Michael Kremer, alikuwa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Sasa mpaka wenyewe. Tangu mwaka 2013, kwa Katiba ya 2010, afya ya mitaa na leseni za wauza chakula ni kazi ya kaunti, bali afya ya mipakani imebaki mikononi mwa Serikali kuu. Basi pale Malaba lori lililosimama langoni liko chini ya afisa mmoja, na mama anayemkaangia dereva samaki hatua mia moja kutoka hapo yuko chini ya mwingine. Mgawanyo huu una sababu zake, lakini msomaji akumbuke mafundi wa kisima na madaktari wa Croydon. Dereva mgonjwa hula kibandani kabla ya kufika langoni.

Jambo hilo lilionekana wazi katika mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipoenea, madereva wa malori yatokayo Mombasa walitakiwa kupimwa kabla ya kuvuka. Majibu yalichelewa, foleni ikarefuka kilomita nyingi kupita mji, na watu walilala chini ya magari yao siku baada ya siku. Wenyeji waliogopa kuwauzia chakula, na madereva waliogopa kupimwa wasije wakaachwa njiani. Kipimo kilikuwa cha lazima, hilo halina shaka. Lakini kipimo kinachowakusanya watu mahali pasipo vyoo wala maji ya kunawa huzaa hatari nyingine. Mwaka 2022, Ebola ilipotangazwa Mubende, Uganda, mwezi Septemba, ukaguzi wa joto la mwili uliimarishwa Busia na Malaba. Ugonjwa ule ulitangazwa kwisha Januari 2023 bila kuingia Kenya.

Mwezi Machi 2021 mkaguzi alitazamana na adui asiyeonekana kabisa. Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya kuvu iotayo katika nafaka yenye unyevu. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni: mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika mashariki ya Kenya, miongoni mwa 317 waliojulikana kuugua. Malori yalisimama Busia na Malaba, Waganda walinung'unika, na baada ya siku chache mlango ulifunguliwa kwa masharti: mwagizaji aandikishwe, na mzigo uwe na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni 1.

Sharti hilo hulikamata lori. Halimkamati mama avukaye kwa baiskeli na gunia moja kwenye njia za panya, wala halimkamati mkulima wa Teso ambaye mahindi yake hayavuki mpaka wowote, bali hutoka shambani kwenda darini na kutoka darini kwenda chunguni. Sumukuvu haina harufu inayoaminika wala ladha, na kuchemsha ugali hakuiondoi. Kinga yake huanza siku ya kuvuna. Mahindi yasilundikwe juu ya ardhi tupu, bali yatandazwe juu ya turubai na kuingizwa ndani mvua ikitishia. Punje zilizovunjika au zilizobadilika rangi zichambuliwe, wala wasipewe kuku na ng'ombe, kwa maana sumu ya ng'ombe hutokea katika maziwa. Nafaka ikaushwe mpaka unyevu usizidi 13.5 kwa mia. Mkulima asiye na chombo cha kupimia atie kiganja cha punje katika chupa iliyokauka, pamoja na chumvi kavu kidogo, aitikise, kisha aiache robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado yarudi juani.